Faranga ya matibabu na maji ya Rumonge

Katika nchi tajiri, swali la kama kuongeza fedha za matibabu bado kunaongeza afya ya wananchi limekwisha kupata jibu lililozoeleka. Marekani hutumia zaidi ya dola 12,000 kwa kila mtu kwa mwaka, na mtoto aliyezaliwa huko mwaka 2022 alitarajiwa kuishi miaka 77 na nusu. Japani hutumia chini ya nusu ya kiasi hicho, na watu wake huishi miaka 84 hivi. Ukishavuka kiwango fulani, dola ya ziada hununua vipimo zaidi, dawa ghali zaidi na vyumba vizuri zaidi, lakini umri hauongezeki. Ukilileta swali hilo Burundi, ambako matumizi yote ya afya, ya serikali, ya wafadhili na ya familia zenyewe, hayafiki dola 30 kwa mtu kwa mwaka, wengi watalikataa kabla hujamaliza kuliuliza. Watasema huo ni wasiwasi wa walioshiba. Mimi naona kwamba swali hili lina uzito zaidi Rumonge, mji wa Burundi ulio kando ya Ziwa Tanganyika, kuliko Washington. Mwenye dola elfu kumi na mbili akikosea mahali pa kuziweka, hasara yake inabebeka. Mwenye dola ishirini na kitu akikosea, anazika watoto.

Mwaka 1975 mtaalamu wa demografia Samuel Preston alilinganisha mapato ya nchi na umri wa kuishi, akaonyesha kwamba kwa nchi maskini nyongeza ndogo ya mapato huenda pamoja na nyongeza kubwa ya umri, na kwamba kadiri nchi inavyotajirika ndivyo faida hiyo inavyopungua. Sehemu hiyo ya kazi yake ndiyo inayokumbukwa. Inayosahauliwa ni kwamba alikuta pia nchi zenye mapato yaleyale zikiishi miaka mingi zaidi katika miaka ya 1960 kuliko katika miaka ya 1930: kiasi cha fedha kilekile kilikuwa kinanunua uhai zaidi, kwa sababu watu walikuwa wamejifunza kununua vitu vingine. Hoja yangu juu ya pwani ya Burundi inaanzia hapo. Ukomo wa faida upo hata kwa maskini, ila chanzo chake ni tofauti. Tajiri huufikia akiwa amekwisha kununua kila kitu. Maskini huufikia mapema sana, pale karibu kila faranga inapongoja hospitalini na ugonjwa unaendelea kutengenezwa nje ya ukuta wa hospitali.

Tuanze na upande wa mafanikio, maana ni makubwa na hayafai kubezwa. Mwaka 2002, vita vikiwa bado vinaendelea, Burundi ilianzisha mfumo wa kuwatoza wagonjwa gharama za huduma na dawa. Shirika la Médecins Sans Frontières lilionyesha mwaka 2004 kwamba karibu watu milioni moja walikuwa wamefungiwa nje ya huduma ya msingi kwa kukosa fedha, na mwaka 2006 Human Rights Watch ilieleza jinsi wagonjwa waliopona, wakiwemo kina mama waliojifungua kwa upasuaji, walivyokuwa wakizuiliwa hospitalini kwa wiki au miezi hadi ndugu walipe deni. Tarehe 1 Mei 2006 Rais Pierre Nkurunziza alitangaza kwamba watoto walio chini ya miaka 5 watatibiwa bure, na kina mama watajifungua bure. Vituo vilifurika. Dawa ziliisha, marejesho ya serikali yalichelewa, wauguzi walielemewa. Hata hivyo mlango ulikuwa umefunguka, na mwezi Aprili 2010 huduma hiyo ya bure iliunganishwa nchi nzima na utaratibu wa kulipa vituo kwa kadiri ya kazi vinayofanya: kituo hupata fedha kwa kila uzazi kiliouhudumia, kila mtoto kiliyemtibu, kila chanjo kiliyoikamilisha. Takwimu za utafiti wa kitaifa wa kaya zinasimulia matokeo yake. Kati ya mwaka 2010 na 2016-17, uzazi unaofanyika kwenye vituo vya afya ulipanda kutoka asilimia 60 hadi 84. Vifo vya watoto walio chini ya miaka 5 vilishuka kutoka 96 hadi 78 kwa kila watoto 1,000 wanaozaliwa hai. Vifo vya uzazi vilikadiriwa kushuka kutoka 500 hadi 334 kwa kila vizazi hai 100,000. Anayedai kwamba fedha za matibabu hazileti afya Afrika ana deni la kueleza namba hizo.

Lakini utafiti huohuo una namba nyingine ambayo hutajwa kwa sauti ya chini. Mwaka 2010, watoto 58 kati ya 100 wa Burundi walikuwa wamedumaa, yaani wafupi mno kwa umri wao kwa sababu ya lishe duni na maradhi ya mara kwa mara. Mwaka 2016-17 walikuwa 56. Miaka hiyo ilijaa vituo vipya na chanjo zinazofikia zaidi ya watoto 9 kati ya 10, na wauguzi walilipwa kwa kazi waliyoifanya. Udumavu ulitikisika kwa pointi mbili tu. Mtoto anazaliwa mikononi mwa mkunga mwenye ujuzi, anapata sindano zake zote, anatibiwa bure akiharisha, kisha anarudi kunywa maji yaleyale na kula ugali uleule wa muhogo. Malaria nayo inaonyesha ukomo huo. Mwaka 2019, katika nchi yenye watu milioni 11 hivi, walirekodiwa zaidi ya wagonjwa milioni 5 katika nusu ya kwanza ya mwaka peke yake, na wengi wao walitibiwa. Matibabu yaliwaokoa, wala hayakuzuia mwaka uliofuata kuanza upya.

Pwani ya Tanganyika ndipo ukomo huo unapoonekana wazi kuliko popote, kwa sababu hapa kuna ugonjwa mmoja ambao njia yake inajulikana karibu hatua kwa hatua. Kipindupindu kilirekodiwa Burundi kwa mara ya kwanza mwaka 1978, na mwaka 1992 kikazuka Rumonge. Mlipuko huo wa 1992 ulichunguzwa hapohapo Rumonge, na matokeo yakachapishwa katika jarida la Lancet mwaka 1997. Watafiti waliwalinganisha waliougua na majirani zao ambao hawakuugua, wakauliza kila mmoja anakunywa nini, anaoga wapi, anakula nini. Kilichojitokeza ni ziwa. Kunywa maji yake ndiyo ilikuwa hatari kubwa, kuoga ndani yake ikafuata, na vimelea vyenyewe vilipatikana ndani ya maji ya Tanganyika. Tangu hapo ugonjwa umerudi mara kwa mara katika tambarare ya Imbo, kuanzia delta ya Rusizi hadi Nyanza-Lac, na Rumonge haikosekani katika orodha. Miaka mingi imepita tangu mji huu uambiwe, kwa ushahidi ambao miji mingi duniani haijawahi kupewa, ugonjwa wake unatoka wapi.

Fikiria kinachotokea katika hema la kipindupindu. Mgonjwa analazwa kwenye kitanda chenye tundu katikati, ndoo moja chini kwa ajili ya choo, nyingine pembeni kwa matapishi. Mtu mzima wa kilo 60 aliyeishiwa maji kabisa anatakiwa kupewa dripu ya lita 6 ndani ya saa 3, na karibu lita 2 za mwanzo ziingie katika nusu saa. Bila hizo, nusu ya wagonjwa mahututi wanaweza kufa. Zikipatikana mapema, hafi hata mmoja katika mia. Hakuna tiba yenye faida iliyo wazi kuliko hii, na yeyote anayetaka kupunguza fedha za dripu kwa jina la kinga amekosa akili. Lakini tazama dripu yenyewe ni nini: ni maji safi yenye chumvi. Mtu wa Rumonge anafikiwa na maji safi kwa njia ya mshipa, yakiwa yametengenezwa kiwandani na kubebwa kwa gari, kwa sababu hayakumfikia kwa njia ya bomba. Akipona anapewa vidonge vichache vya klorini na kurudi ufukweni. Kituo kimeokoa maisha, kimehesabiwa mafanikio, na idadi ya watakaougua mwaka ujao haijapungua hata kwa mmoja.

Ng'ambo ya ncha ya kaskazini ya ziwa, mjini Uvira, kuna ushahidi unaotufikisha karibu zaidi na hesabu yenyewe. Uvira ni mji wa Kongo unaofanana na Rumonge kwa mengi: milima nyuma, ziwa mbele, bomba linalotoa na kukauka. Watafiti walichukua kumbukumbu za kiasi cha maji yaliyotoka kwenye mtambo wa mji kila siku kuanzia 2009 hadi 2014, wakaziweka kando ya daftari la waliolazwa kwa dalili za kipindupindu. Baada ya siku ambayo bomba lilikauka kabisa, wagonjwa katika siku 12 zilizofuata waliongezeka kwa wastani wa asilimia 155, wakilinganishwa na siku ambazo mtambo ulifanya kazi vizuri. Kwa jumla, karibu robo ya waliolazwa walihusishwa na upungufu wa maji ya bomba. Kinachonigusa katika utafiti huo ni kwamba hakuna kitu kipya kilichojengwa. Mabomba yaliyokuwapo yaliyapunguza au kuyaongeza maradhi kwa kadiri ya mafuta, umeme na matengenezo ya siku hiyo. Fundi wa mtambo, bila kujua, alikuwa akiamua vitanda vingapi vitajaa wiki mbili baadaye.

Kwa nini basi fedha hazimfuati fundi huyo? Sababu moja ni jinsi tunavyohesabu. Utaratibu wa kulipa vituo kwa kazi iliyofanyika uliondoa uvivu na ukaleta nidhamu, lakini unalipa kwa kila anayeingia mlangoni. Mgonjwa wa kuharisha aliyetibiwa ni mstari katika daftari na malipo mwisho wa mwezi. Mtoto ambaye hakuharisha kwa sababu bomba la mtaa wake lilitoa maji mwezi mzima haonekani popote. Sababu nyingine ni ya kiutawala: dawa ziko chini ya wizara ya afya, maji ya mjini yako chini ya shirika la maji na umeme, Regideso, na wizara nyingine, maji ya vijijini yako chini ya komine, na mfadhili wa kila upande ana ripoti yake. Mkoa wa Rumonge wenyewe, uliozaliwa mwaka 2015, haukudumu: mgawanyo mpya ulioanza kutumika 2025 umeipunguza nchi kutoka mikoa 18 hadi 5, na Rumonge sasa ni komine ndani ya Burunga. Mipaka ikihama namna hiyo, ofisi ya kuulizwa juu ya bomba nayo inahama.

Pingamizi la kwanza dhidi ya hoja hii linatoka kwa jirani. Rwanda, wengi watasema, ilitumia fedha zaidi kwa matibabu, na ikapata matokeo zaidi: vifo vya watoto walio chini ya miaka 5 vilishuka kutoka 152 kwa kila 1,000 mwaka 2005 hadi 50 mwaka 2014-15. Kwa kuwa Rwanda imekuwa ikitumia zaidi ya mara mbili ya Burundi kwa kila mtu, je, tatizo la Burundi si uhaba wa fedha tu? Ni kweli kwa sehemu kubwa, na sina haja ya kulipinga. Burundi inahitaji fedha zaidi za afya. Lakini angalia kilichofuata Rwanda: kati ya 2014-15 na 2019-20, vifo hivyo vilishuka kutoka 50 hadi 45 tu. Mteremko mkali ulikuwa wa miaka ya bima ya mutuelle, vyandarua, chanjo na wahudumu wa afya vijijini. Ulipoisha, kasi ilipungua, na udumavu ukabaki ukimgusa mtoto 1 katika kila 3. Rwanda haipingi ukomo huu, ila iliufikia ikiwa mbele zaidi. Burundi inaweza kuufuata mstari uleule kwa kuchelewa miaka 10, au inaweza kuanza mapema kulipa kwa ajili ya yale ambayo jirani ameyakuta magumu.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, na wanaopenda miradi ya maji hawalisemi. Mwaka 2018 yalitoka matokeo ya jaribio kubwa lililofanyika vijijini magharibi mwa Kenya, katika kaunti za Bungoma, Kakamega na Vihiga. Familia zilipewa klorini ya kutibu maji, vyoo bora na vifaa vya kunawa mikono. Kuharisha hakukupungua, na watoto hawakukua kwa urefu kuliko wengine. Majaribio yaliyofanyika Bangladesh na Zimbabwe nayo hayakuona nyongeza ya urefu. Kama maji safi hayakuleta kitu Kenya, kwa nini yalete Rumonge? Jibu langu lina sehemu mbili. Kwanza, kilichojaribiwa Kenya hakikuwa bomba. Kilikuwa klorini inayotegemea mama akumbuke kila siku, katika nyumba ambayo maji bado yanachotwa kisimani au chemchemini. Jaribio lile linatufundisha kwamba hatua nusu za bei nafuu hazitoshi, jambo ambalo ni hoja ya kutumia fedha zaidi kwenye maji, si kidogo. Pili, kuharisha kwa kijijini Kakamega na kipindupindu cha ufukweni havifanani. Kuharisha kwa kawaida kuna vyanzo kumi: kuku uani, mikono, chakula kilicholala. Kipindupindu cha Rumonge kina chanzo kikuu kimoja kilichothibitishwa. Nakubali kwamba bomba peke yake halitaondoa udumavu. Hilo linahitaji pia protini, na inasikitisha kwamba ndagala wanaanikwa kwa magunia hapa ufukweni ilhali watoto wengi wa nchi hawawaoni sahanini. Lakini hoja kwamba kitu hakitibu kila maradhi haijawahi kuwa sababu ya kukataa kukitumia kwa lile kinaloliweza.

Wapo pia wanaosema kwamba mabomba huharibika, kamati za maji hula fedha, na ziwa lenyewe limeonyesha linaweza kumeza chochote kilichojengwa kando yake. Mwaka 2024 Tanganyika ilipanda hadi kufunika nyumba, barabara na vyoo vya shimo kuanzia Gatumba hadi Rumonge, na serikali pamoja na Umoja wa Mataifa wakaomba msaada. Hayo yote ni kweli. Lakini vituo vya afya navyo huishiwa dawa, na hatujawahi kusema kwa sababu hiyo tusivigharamie. Na jiografia, kwa mara moja, iko upande wa Rumonge: mji umekaa chini ya mteremko wa Mumirwa, ambako chemchemi na mito inashuka kutoka juu. Maji hayahitaji kuvutwa kutoka ziwani kwa pampu za dizeli ambazo nchi haina mafuta ya kuziendesha. Mengi yanaweza kushuka yenyewe, na mabomba yanayopita juu ya ufuo hayafikiwi na mafuriko ya ziwa.

Mfano wa jinsi ya kuweka fedha kidogo mahali pake uko Tanzania, na unastahili kukumbukwa zaidi ya unavyokumbukwa. Mwishoni mwa miaka ya 1990, katika wilaya za Rufiji na Morogoro Vijijini, mradi uliojulikana kwa kifupi cha TEHIP uliwapa wakuu wa afya wa wilaya vitu viwili: taarifa za kile kinachoua watu wao hasa, na nyongeza ndogo ya fedha isiyozidi dola 2 kwa mtu. Walipolinganisha, waligundua kwamba bajeti zao hazikufanana na vifo vyao. Maradhi yaliyokuwa yakiua watoto wengi yalikuwa yakipata sehemu ndogo. Wakazipanga upya. Wilaya hazikuweza hata kutumia nyongeza yote, lakini vifo vya watoto vilishuka kwa zaidi ya asilimia 40 katika miaka mitano hivi. Wanaopinga watasema vyandarua na mabadiliko mengine ya wakati huo yalichangia, na huenda yalichangia. Bado funzo linasimama: kiwango cha fedha kilibadilika kidogo, mpangilio ulibadilika sana.

Burundi inalihitaji funzo hilo sasa kuliko wakati wowote, kwa kuwa kiwango chenyewe kinashuka. Umoja wa Ulaya ulisimamisha msaada wa moja kwa moja kwa serikali mwaka 2016 na kuurudisha 2022. Mwezi Mei 2023 faranga ilishushwa thamani, bei ya dola ikapanda kwa zaidi ya theluthi moja, na dawa ni bidhaa ya dola. Mwaka 2025 Marekani ilifunga shirika lake la misaada. Katika hali hiyo wizara itavutwa kulinda kilichopo, yaani mishahara na dawa, na kila mradi wa maji utaonekana anasa ya kuahirishwa hadi siku nzuri. Naielewa hofu hiyo. Muuguzi asiyelipwa anaondoka mwezi huu, bomba lililopasuka linasubiri. Lakini kuahirisha huko ndiko kunakohakikisha kwamba dripu zitahitajika kwa wingi uleule kila msimu.

Kinachowezekana hakihitaji kungoja fedha mpya wala kuvunja utaratibu uliopo. Burundi tayari ina mashine ya kulipa kwa matokeo: kamati za kuhakiki madaftari ya vituo, na vikundi vya wenyeji vinavyokwenda nyumba kwa nyumba kuthibitisha kwamba mgonjwa aliyeandikwa yupo kweli na alitibiwa. Ongeza katika orodha ya malipo kipengele kimoja kwa komine za pwani: saa ambazo bomba la umma lilitoa maji yenye klorini ya kutosha. Lipa Regideso na kamati ya maji kwa saa hizo kama kituo kinavyolipwa kwa uzazi, wahakiki walewale wapite kwenye mabomba, na malipo yawe makubwa zaidi katika miezi ambayo kipindupindu huanza. Gharama yake kwa mtaa mmoja inaweza kuwekwa kando ya gharama ya hema la kipindupindu la mtaa huohuo, kwa faranga zilezile, katika daftari moja. Daktari wa wilaya ya afya ya Rumonge angeanza kuuliza kila Jumatatu, kabla ya kuuliza idadi ya wagonjwa, maji yalikatika wapi wiki iliyopita na kwa siku ngapi.